Sahihi ya Mkono wa Kushoto

"Tena, mzee," akasema Wakili Teague, akisogeza karatasi nyingine mbele ya baba. "Taratibu tu. Hatuna haraka."

Baba alikuwa ameshaandika jina lake mara kadhaa. Alishika kalamu kwa mkono wa kushoto, ngumi nzima, kama mtu anavyoshika bisibisi, na ulimi ukamtoka kidogo pembeni mwa mdomo, upande ule ambao bado ulikuwa unamsikiliza. Herufi zilipanda, zikashuka, zikagongana. K ya Kosturik ilianguka kifudifudi. Uzi wa mate ukamshuka kidevuni ukatua kwenye tai, ile ya kijivu aliyoivaa tulipomzika mama, na mahakama nzima ikatazama kwingine. Niliinuka na leso. Jaji akaniambia niketi.

Teague akazikusanya karatasi zote, akaziinua juu kama mvuvi anayejisifia samaki wake. "Mheshimiwa Jaji, mnaona wenyewe. Hata yeye hawezi kufanana na yeye."

Mtu mmoja kule nyuma alicheka.

Mimi kazi yangu ni kusafisha meno. Nimeinama juu ya vinywa vya watu wa mji huu tangu kiwanda cha chuma kilipokuwa bado kinatoa moshi. Nimekwangua vitu ambavyo siwezi kuvitaja watu wakila. Kinyaa si kitu kinachonipata kirahisi. Siku ile kilinipata, na kwa kuwa nilikuwa bado mjinga nilidhani kinatokana na Teague peke yake.

Baba yangu, Valent Kosturik, alikuwa dereva wa kreni kiwandani. Alikaa juu kule chini ya paa, akibeba chuma kilichoyeyuka kupita juu ya vichwa vya wenzake, na mkono uliofanya kazi hiyo ulikuwa wa kulia. Baada ya Pasaka ya mwaka ule kiharusi kiliuchukua. Mkono ukabaki kwenye paja lake kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishike kidogo. Maneno yalirudi polepole, miguu ikarudi nusu, ila mkono haukurudi. Basi kura yake, ambayo hakuwahi kukosa kuipiga tangu ujana, safari hii aliipiga kwa posta, mezani jikoni, nami nikiwa nimegeuza uso ili nisione amechagua nani. Akaifunga bahasha, akatia sahihi juu yake kwa mkono wa kushoto, akaniambia, "Peleka kabla sijabadili mawazo."

Zamani isingekuwa taabu. Bernadine Sopko, aliyesoma na mimi shule moja, ndiye aliyekuwa karani wa ofisi ya uchaguzi ya kaunti, na sahihi ikileta mashaka alikuwa anapiga simu tu: "Lida, mlete baba'ko aje athibitishe." Lakini kiangazi kile bunge la jimbo lilibadilisha sheria. Sahihi isiyolingana na ile ya kwenye rekodi, kura inatupwa, na ofisi ya kaunti isimpigie mtu simu, isimwandikie, isimwambie. Walisema ni kulinda uchaguzi. Tulisikia redioni, tukaendelea kumenya viazi.

Ndiyo maana aliyetuambia kwanza kwamba kura ya baba imekataliwa hakuwa Bernadine. Walikuwa mawakili. Vyama vilikuwa na majina ya waliokataliwa kabla ya wenye majina hawajajua.

Nilikutana na Bernadine buchani. Aliponiona alijifanya anachagua soseji.

"Lida, nakuomba usiniulize."

"Mkono wake unaujua. Ulimletea supu hospitali."

"Naujua." Macho yake yalikuwa mekundu. "Sheria inasema nitazame karatasi. Haisemi nimtazame mtu."

Akaondoka bila soseji.

Mmoja wa mawakili hao, Preston Laidlaw, alikuja nyumbani jioni iliyofuata. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na hilo peke yake lilimfanya baba aketi wima. Nilikuwa nimepika kabichi zilizoviringishiwa nyama na wali, akala sahani mbili, akapangusa mchuzi na mkate.

"Huyu anakula kama binadamu," baba akasema kwa ule ulimi wake mzito. "Mawakili wengine hudonoa kama kuku."

Laidlaw akacheka, akasogeza kiti. Mgombea wake wa Kongresi alikuwa nyuma kwa kura chache, na kura zilizokataliwa kaunti yetu, za wazee wa kiwandani wengi wao, alitarajia zingemwinua. Hakutuficha. Lakini alisema hilo ni jambo dogo.

"Mzee Kosturik, hii si habari ya chama. Katiba ya jimbo letu imeandika kwamba uchaguzi uwe huru na sawa kwa wote. Wewe ndiwe hao wote. Mtu akipoteza mkono, amepoteza mkono. Hajapoteza uraia."

Baba akasogeza sahani yake kando. Tangu kiharusi hakuna aliyekuwa amemwambia lolote ila kuhusu vidonge na choo.

"Nifanye nini?" akauliza.

"Njoo tu mahakamani wakuone."

Wakamwona. Nimeshasema walivyomwona. Teague, wakili wa mgombea mwingine, alishikilia kwamba Katiba ya nchi imelipatia bunge la jimbo, si jaji wala karani wala huruma ya mtu yeyote, mamlaka ya kupanga namna ya kumchagua mbunge wa Kongresi. Sheria ni sheria, alisema. Ukianza kuilegeza kwa mzee mmoja, kesho utailegeza kwa tapeli. Ndipo Laidlaw akasimama. Hakupaza sauti. Alitembea mpaka alipoketi baba, akaweka kiganja begani kwake, akasema kuna watu wanaoisoma katiba kama fundi wa kufuli, wakitafuta mahali pa kufungia mlango, nayo iliandikwa ili mlango uwe wazi. Baba alilia. Nami nililia. Jaji akasema atatoa uamuzi baadaye, tukarudi nyumbani tukiwa tumechoka kama watu waliotoka kubeba jeneza.

"Mwokee mkate wa jozi," baba akaniambia. "Ule wa mama'ko."

"Baba, yule mtu ana hela za kununua duka zima la mikate."

"Sikusema hana hela. Nimesema mwokee."

Nikaoka. Nikaviringisha unga uliokandwa mwembamba juu ya kokwa za jozi zilizosagwa na asali, jinsi mama alivyonifundisha, na Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, nikapiga simu ofisini kwake. Katibu akasema Bwana Laidlaw yuko mahakama ya Kaunti ya Ellery, ng'ambo ya mlima. Nikaufunga mkate kwenye taulo la jikoni, nikaendesha. Theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka na kuyeyuka kwenye kioo. Nilifurahi njia nzima. Nakumbuka niliimba.

Nilikaa benchi la nyuma, mkate mapajani. Ilinichukua muda kuelewa ninachosikia.

Kesi ilikuwa ile ile. Sheria ile ile, bahasha zile zile, sahihi zisizolingana. Lakini Ellery kuna chuo kikuu, na kura zilizokataliwa kule zilikuwa za wanafunzi na walimu wao, ambao kila mtu alijua wangempigia mgombea wa Teague. Kwa hiyo aliyekuwa amesimama akisema kwamba katiba inataka uchaguzi huru na sawa kwa wote alikuwa Teague. Alikuwa na bibi mmoja mwalimu mstaafu, vidole vimepinda kwa baridi yabisi, akamwekea kiganja begani. Begani! Na aliposimama Laidlaw, kwa suti ile ile na sauti ile ile ya kuungama, alisema Katiba ya nchi imelipatia bunge la jimbo mamlaka hayo, wala si jaji wala karani wala huruma ya mtu yeyote. Kisha akamwendea yule bibi, akamwekea karatasi mbele.

"Tena, mama," akasema. "Taratibu tu."

Bibi alijitahidi. Nilisikia kalamu ikikwaruza. Joto la mkate lilikuwa limeshakwisha, lakini harufu ya asali ilinipanda puani, nikafungua mdomo nipumue kama wanavyopumua wagonjwa wangu.

Walipoahirisha, niliwakuta wote wawili kwenye mashine ya kahawa ukumbini.

"Umeiba hotuba yangu nzima," Teague alikuwa anasema.

"Nimekurudishia tu. Bado mpya, haina hata doa."

Wakacheka, kicheko cha wenzi wa kazi waliotoka shifti. Ndipo Laidlaw akaniona.

"Bi Kosturik! Umekuja mpaka huku? Mzee hajambo?"

"Nimesikia uliyosema mle ndani."

"Ah, yale." Akapulizia kahawa yake. "Usiyatie moyoni. Ile kaunti nyingine, hii kaunti nyingine."

"Sheria ni moja."

"Sheria ni moja," akakubali, na katika uso wake hapakuwa na aibu ya kuificha, nilitafuta. "Lakini mteja wangu ni mgombea. Namtafutia kura zilipo."

"Na baba yangu je? Si mteja wako?"

"Baba yako ni mlalamikaji," akasema kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mtoto matamshi. Akakitazama kifurushi. "Hiyo harufu ni ya jozi?"

"Si yako," nikasema.

Nilimkuta baba dirishani, ameshavaa sweta safi. Nadhani alitegemea Laidlaw angerudi nami. Aliuona mkate, akanitazama mimi. Ningeweza kumwambia kwamba sikumkuta mtu. Nilimwambia yote, mpaka bega la yule bibi.

Akauliza, "Na yule mwingine, aliyeniandikisha jina kama mtoto wa chekechea, yeye alisemaje?"

"Alisema mtu asinyimwe kura kwa sababu ya mkono."

Kitu kikaanza kumtikisa kifuani. Nilidhani ni kiharusi kingine, nikamkimbilia, kumbe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, nikampiga mgongo, machozi na makamasi vikamtoka.

"Kwa hiyo nimetetewa na wote," akasema alipopata pumzi.

"Na wote wamekupinga, baba."

Kicheko kikaisha. Akauangalia mkono wake wa kulia pale kwenye paja. "Lida, nilimwonyesha yule mtu mate yangu," akasema. "Nilikaa mbele ya watu nikamwagika mate, kwa kuwa aliniomba." Akapumua. "Nitoe. Sitaki jina langu mle."

Nikapiga simu ofisini kwa Laidlaw. Katibu alikuwa mwema sana.

"Hakuna shida, mama. Mzee akijitoa tunaye mlalamikaji mwingine, mjane fulani wa huko kwenu. Nitakutumia karatasi, yeye aweke tu sahihi."

"Sahihi yake ndiyo kesi yenyewe," nikasema.

"Yoyote tu, mama. Hata mkwaruzo."

Karatasi ikaja. Baba akashika kalamu kwa ngumi, akaandika jina lake mezani pale pale jikoni, K ikianguka kifudifudi kama kawaida. Tukaituma. Ikapokelewa. Hakuna aliyeilinganisha na chochote.

Mahakama ya juu ilikuja kuziunganisha kesi zote mbili. Iliandika kurasa nyingi juu ya bunge ni nini, na waasisi wa taifa walikusudia nini, na neno "namna" lina upana gani, kisha ikasema muda umekwenda mno, sheria ibaki ilivyo safari hii, swali la katiba litajibiwa siku nyingine. Kura hazikufunguliwa. Wala haikuwa na maana tena, maana hesabu za mwisho zilimpa mmoja ushindi mkubwa kuliko kura zote zilizokataliwa. Ni nani, sitamtaja. Hakuwahi kufika mtaani kwetu kabla, hakuwahi kufika baadaye. Bernadine aliacha kazi kabla ya Krismasi. Siku hizi anauza maua, nasi tunasalimiana vizuri.

Baba alifariki mwaka uliofuata, wakati wa msimu wa kuwinda kulungu, wanaume wote wakiwa msituni, ikabidi tungoje warudi ndipo tupate wa kubeba jeneza.

Majira ya baridi yalipokuwa yanakwisha, mwanamke mmoja wa makamo, kofia ya sufu imefunika nyusi, aligonga mlangoni na vipeperushi. Preston Laidlaw anagombea ujaji. Jimbo letu majaji tunawapigia kura. Aliniwekea kimoja mkononi kabla sijasema kitu. Palikuwa na picha ya rangi, ngazi za mahakama, Laidlaw ameinama kidogo, amemshika bega mzee aliyevaa tai ya kijivu, na juu yake herufi kubwa: ALISIMAMA NA WASIO NA SAUTI. Sikuwa nimejua kwamba siku ile kuna mtu aliyepiga picha. Mtu mwenye ujuzi wake alikuwa ameufuta uzi wa mate.

Mwanamke aliona nimetazama sana, akatabasamu. "Anaonekana mtu mwema, au siyo?"

"Alikuwa mtu mwema sana," nikasema.

"Alikuwa?"

Nikamrudishia karatasi yake, nikamwambia akishuka ashike chuma cha ngazi, barafu ilikuwa bado haijayeyuka.