Uzazi Ndani ya Nyumba za Thamudi

Balaa gani hii! Jangwa lote la Hijri lilivyo pana, ngamia wa Wadha alikwenda kuchagua kuzalia ndani ya nyumba za Thamudi, zile zilizochongwa mwambani na watu waliomchinja ngamia wa Nabii Swaleh, Mungu akawafutilia mbali. Haingii mtu humo ila analia. Ndivyo Mtume alivyoagiza.

Na Wadha halii. Tangu wamzike mwanawe Fawaz, msimu wa tende uliopita, hajatoa hata chozi.

"Lia basi, mama wee!" alihimiza wifi yake, Mizna, pale mlangoni. Yeye machozi yalishamchuruzika. Mizna hulia hata maziwa yakimwagika. Lakini kuingia yeye hakufai: ngamia yule humng'ata kila mtu isipokuwa Wadha.

"Nilieje? Nijifinye?"

"Jifinye! Au nikukumbushe siku ulipoolewa na kaka yangu?"

Wadha akacheka, kisha akaogopa kwa kuchekea mahali pale. Ndani ngamia aliguna kwa uchungu mrefu. Ndama amekwama. Ngamia huyo alilelewa na Fawaz kwa mikono yake, na katika vitu vyote vya Fawaz ni yeye tu aliyebaki hai.

"Mungu atanisamehe," Wadha akasema, akaingia na macho yake makavu.

Ndani palikuwa na baridi. Mwanga wa alasiri ulielea ukutani, mwekundu, ukichezacheza kama maji. Alihisi wenye nyumba, wale wa kale, wakimtazama, kila mmoja kwenye shubaka lake lililochongwa mwambani. Kwa kitambo hakujua ni zama zipi, wala nani kafa na nani hajazaliwa. Akapiga magoti, akashika miguu myembamba yenye utelezi, akavuta. Wapi!

"Fawaz!" akaita bila kufikiri, kama alivyozoea kuita miaka yote. "Njoo ushike kichwa, mwanangu, upesi!"

Jina likazunguka chumba kizima, likamrudia. Hakuja mtu.

Hapo ndipo yalipomtoka. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kamasi na machozi, huku mikono ikiendelea kuvuta, mpaka ndama akachomoka akamwangukia mapajani, wa moto, anapumua.

Nje, Mizna alisikia, akajua kilio kile si cha kuwalilia Thamudi. Hakumwita. Akakaa chini mlangoni, akamwacha alie.