Somo la Ishirini na Moja

Mwalimu Josephina alizikwa mwezi wa tano, na mwezi wa sita bado alikuwa anafundisha. Kila asubuhi, mumewe Elinuru akishainjika chai, alibonyeza simu ya shule ambayo mkewe alirekodia masomo, na sauti ya marehemu ikajaa jikoni kwa Kiingereza, ikihimiza, ikirudia, ikikohoa. Elinuru hakuambulia kitu. Aliishia darasa la nne, akashika jembe. Lakini kikohozi hakina lugha. Alijua kilianza somo la kumi na nne, na alijua kilivyokuwa kinakua.

Neno moja tu alilielewa, nalo lilikuwa katika somo la mwisho, la ishirini na moja: jina lake. Josephina alilitamka taratibu, kama anayemwita kutoka shambani. Siku tatu baadaye akafa. Basi Elinuru akaamini kwamba mkewe alimuaga humo. Kumwomba mtoto wa watu amtafsirie aliona haya. Alijiambia kesho, na kesho ikazaa kesho.

Sasa pikipiki ilikuwa inakwea kutoka barabara ya Gare. Salvatory, mratibu wa elimu wa kata, alikuwa anakuja kuchukua simu.

Watu walisema Josephina kauawa na corona. Wakubwa walisema ni kifua tu. Elinuru alisema ni Salvatory. Shule zilipofungwa, mtandao ulipatikana juu ya mwamba mmoja tu, huko juu ya kijiji, na Salvatory akaamuru somo liwe limefika kwenye simu za wanafunzi kabla ya saa mbili asubuhi. Masika yale! Josephina akawa anapanda na mwavuli, anarudi amelowa chapachapa. Elinuru alikwenda hadi ofisini kumwombea apumzike.

"Mafua ya mlimani hayo, mzee," Salvatory alimjibu bila kuinua macho. "Mfukize nyungu."

Mkubwa akishavaa jaketi, baridi ni ya wenzake.

Pikipiki ikazimwa uani. "Mzee, habari za hapa?" Salvatory alisema. Elinuru alimzidi miaka ishirini, lakini shikamoo yake aliiacha ofisini. Nyuma yake akashuka Husna, msichana wa kidato cha tatu, amekumbatia daftari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Elinuru akamgeukia Salvatory. "Na huyu umempakia wa nini?"

"Daftari lake limeshinda yote kwa usafi," Salvatory alisema. "Keshokutwa wageni wa wilayani wanakuja kuona kata yetu ilivyosomesha watoto bila shule. Daftari litakaa mezani, na simu kando yake."

"Na mke wangu mtamweka wapi? Chini ya meza?"

"Simu ni mali ya serikali, mzee wangu."

"Eti mzee wangu! Tangu lini? Keti. Kiingereza unakijua?"

Salvatory akacheka. "Mimi ni mratibu, mzee."

"Ndiyo maana nauliza. Mke wangu alinitaja humu. Niambie alisema nini, kisha uchukue simu yako uende."

Akabonyeza. Kikohozi kikatangulia, kisha sauti. Mwanzoni Salvatory alitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza kwaya. Halafu kichwa kikatulia. Akatazama tope la viatu vyake.

"Anasemaje?"

"Anakuaga, mzee. Anasema… Elinuru, ulikuwa mume mwema. Mungu akutunze."

Moyo wa Elinuru ukalegea. Wiki zote hizo alikuwa anangoja maneno hayo. Akanyoosha mkono wenye simu.

"Baba, sivyo," Husna alisema.

"Husna!" Salvatory alimkemea.

"Hilo ni somo la ishirini na moja. Tuliliandika, na Kiswahili chake chini." Msichana akafungua daftari, akasimama wima kama yuko darasani, akasoma: "Elinuru alinikataza kupanda mlimani. Nilimwambia mratibu kifua kinaniuma. Mratibu alisema asiyepanda, jina lake litapelekwa wilayani. Nilipanda." Akafunga daftari. "Basi. Hapo mwalimu anakohoa."

Mkono wa Elinuru ukarudi taratibu.

"Hata maneno yake ya mwisho umemnyang'anya," alisema. "Ukamtia ya kwako mdomoni."

"Nilitaka kukufariji tu, mzee." Salvatory akamgeukia msichana. "Lete hilo daftari. Tutapeleka lingine."

"La Sharifa? Nalo limeandikwa hivyo hivyo. Yote, mratibu. Tuko sabini na wawili."

Elinuru akacheka, kicheko kikavu kama ganda la hindi. Akaitia simu ndani ya koti, upande wa moyo.

"Mzee, usiponipa nitalazimika kupeleka jina lako…"

"Lipeleke." Elinuru alikwishainuka kwenda kuipua chai. "Lipeleke wilayani. Na wakikuuliza kisa chenyewe, wape daftari wasome."