Mlango Ukifungwa Saa Tatu

Maji ya bahari yalipojaa wakati wa bamvua na kuingia kwa mara ya tatu katika nyumba aliyoishi na dada yake huko Vanga, Swabir, mwalimu wa jiografia aliyestaafu, aliamua kuhama. Alikagua viwanja saba. Alichochagua kilikuwa juu ya Matuga: mita mia moja na kumi na sita kutoka usawa wa bahari, udongo wa kichanga, hakuna mto karibu. Alijenga vyumba viwili. Cha pili kilikuwa cha dada yake, Mwanarusi, mjane.

Mwanarusi alisikiliza vipimo vyote, akakubali kwamba ni sahihi, kisha akaendelea kuchagua mchele. Hakuhama. Mtaani kwao mlango hufunguliwa baada ya sala ya alfajiri. Ukiwa bado umefungwa saa tatu, jirani hubisha. Swabir aliuona utaratibu huo kuwa udaku.

Masika yaliyofuata maji yalifika magotini. Swabir alipiga simu kutoka nyumba yake kavu. Mwanarusi alikuwa amekimbilia skuli na majirani tangu alfajiri. Alieleza kwamba Jaafar wa nyumba ya pili alimgongea na kumbeba mgongoni, na yeye Mwanarusi alivyo mzito, akaongeza akicheka. Swabir alimkumbusha kwamba chumba chake kipo.

Huku juu mlango ulifungwa mchana kutwa. Wiki ya kwanza aliuacha wazi, nyani wakaingia jikoni wakamaliza unga.

Jumanne moja ya Julai aliteleza nyuma ya nyumba akikagua tangi la mvua. Mguu ulivunjika juu ya kifundo. Simu ilikuwa ndani. Aliita kila baada ya robo saa ili asimalize sauti, na alikunywa maji ya bomba la tangi. Mwanarusi alipiga mara tatu, akadhani ni mtandao. Alhamisi asubuhi Fondo, jirani wa kilomita moja na nusu, alipita na ng'ombe akielekea joshoni kuwaogesha dawa ya kupe. Swabir alisikia kengele zao, lakini sauti ilikuwa imeshakauka. Fondo aliona mlango umefungwa kama siku zote, akaendelea. Wakati wa kurudi, mtamba mmoja alinusa maji akazunguka nyuma ya nyumba. Fondo akamfuata.

Mwanarusi alikuja kuuguza. Kwa siku ishirini na tatu alilala katika chumba chake, na kila alfajiri alifungua mlango, akakaa hapo na fimbo akifukuza nyani. Swabir hakumwomba abaki. Aliacha tu kuzungumzia bamvua. Siku ya kuondoka, Mwanarusi alifunga mtandio wake na kusema:

"Kaka, kule maji yakija yupo wa kunigongea. Hapa wewe umemwambia nani?"

Hakuwa amemwambia mtu.

Alhamisi iliyofuata alifungua mlango mwenyewe, akakaa kizingitini na mkongojo wake. Fondo alipopita alimwita.

"Ukiuona mlango huu umefungwa saa tatu, bisha. Nisipoitika, vunja."

"Mwalimu, mlango mzuri namna hii?"

"Vunja."

Fondo alikubali. Ila alieleza kwamba njia hii huipita Jumatatu na Alhamisi tu, siku za josho.

Swabir alihesabu. Kutoka Alhamisi hadi Jumatatu, siku nne. Jioni, kabla ya kufunga mlango, aliusogeza mtungi wa maji hadi kando ya kitanda, mahali ambapo mtu aliyelala sakafuni angeufikia kwa mkono.