Zamu ya Kija

"Acheni kunakili!" Kija aligeuka kutoka ubaoni, vumbi la chaki limemjaa hadi kwenye nyusi. "Mnanakili nini na hamjaelewa? Kalamu chini."

Kalamu zikawekwa chini, nyingine kwa shingo upande.

"Sasa niambieni. Siku ya mnada Mwandoya, ukisimama mbali kabisa, unaona nini?"

"Vumbi!" akajibu mmoja, na darasa zima likacheka.

"Vumbi, haya. Na nini tena? Unaona mnada umetulia. Asubuhi umejaa, mchana umejaa vilevile. Utadhani hakuna anayeingia wala anayetoka. Lakini sogea getini uone. Watu wanaingia, watu wanatoka, kwa kasi ileile. Ndiyo maana haupungui wala hauongezeki. Basi mmenyuko wa kemikali ukifika hapo msiseme umelala. Unafanya kazi pande zote mbili."

Joyness, aliyekuwa dawati la mbele, alinyoosha mkono. Huyu ndiye aliyekuwa akishika mkia katika kemia tangu kidato cha tano, na hakuwa na haya ya kuuliza.

"Na geti la kutokea likiachwa wazi, la kuingilia likafungwa?"

"Mnada unaisha, Joyness. Panabaki mavi ya ng'ombe."

Wakacheka tena, na safari hii kalamu zikachukuliwa kwa hamu.

Usidhani Kija alijipa kazi hiyo. Mwalimu wa kemia alihamishwa walipokuwa kidato cha tano, na mwingine akawa anakuja wiki ijayo, mwezi ujao, muhula ujao. Mwalimu Sylvester, mwalimu wa taaluma, mtu mwema aliyefundisha fizikia na hesabu mpaka sauti ikamkauka, alimwita Kija ofisini akamwambia, "Wewe kemia inakukubali. Wasaidie wenzako wakati tunasubiri." Kusubiri kukawa mwaka na zaidi. Kila jioni, wasichana wa kidato cha sita wakitoka kula, Kija alisimama ubaoni mpaka kengele ya kulala. Aliwafundisha kwa Kiingereza cha vitabu, kisha kwa Kiswahili, na pale pagumu kabisa kwa Kisukuma, na hapo hata mwenye kichwa cha jiwe alielewa. Wenzake walimwita Tishaa. Alilipenda jina hilo, na asingekubali kusema.

Ila jioni ni moja tu kwa siku. Ukiitumia kuwagawia watu kemia, fizikia utaisoma saa ngapi?

Matokeo ya moko, mtihani wa majaribio, yalibandikwa ukutani nje ya ofisi, wakati zimebaki wiki chache kufika mitihani ya Mei. Wasichana walijazana pale kama nyuki. Joyness alipiga yowe mpaka wapishi wakatoka jikoni: kemia B! Joyness wa mkiani! Akamrukia Kija shingoni, nusura wadondoke wote wawili.

Kija alicheka naye. Kisha alilitafuta jina lake, akalifuata kwa kidole. Kemia A. Baiolojia C. Fizikia S, yaani kuponea chupuchupu kufeli. Alisoma tena, labda kidole kimeteleza mstari. Hakikuwa kimeteleza.

Kija alitaka kusomea udaktari wa mifugo. Hakuwa ameokota ndoto hiyo kwenye gazeti. Alikuwa na miaka tisa ndama wa kwao Mwandoya walipokufa mmoja baada ya mwingine, na baba yake akakaa juu ya kinu siku nzima, kwa kuwa hapakuwa na mtaalamu wa kumwuliza. Kwa S ya fizikia, udaktari huo angeusikia redioni tu.

Siku hiyohiyo alimfuata Milembe kwenye kamba za nguo. Milembe, msichana wa Kalemela, alikuwa jirani yake wa kitanda: Kija chini, yeye juu. Fizikia alipata A bila jasho. Jioni, wengine wakiwa wamejazana mbele, yeye alikaa dawati la nyuma kabisa, khanga imemfunika kichwa mpaka kwenye daftari, kama mtu anayejifukiza. Sikio moja tu ndilo alilowapa, na kwa sikio hilo alivuna A ya kemia. Madesa yake, yale maelezo aliyojiandikia, hakuna aliyewahi kuyaona. Wenye midomo walimwita Benki Imefungwa.

"Milembe, nisaidie fizikia," Kija alisema. "Umeme tu. Jioni mbili tatu."

Milembe aliendelea kukamua sketi ambayo ilikuwa imeshakauka maji.

"Usinichukie, Kija. Muda umekwisha. Nikikupa jioni zangu, nani atanirudishia?"

Kija akamtazama. Alikuwa na jibu, tena la kuchoma.

"Halafu," Milembe akaongeza, sauti imeshuka, "mimi kueleza siwezi. Nikisimama mbele ya watu, hata jina langu nasahau. Kila mtu na kipaji chake, bwana."

"Sawa," alisema Kija. Haikuwa sawa. Iliuma hasa, na iliuma zaidi kwa sababu Milembe alionekana anasema kweli.

Jumapili mama yake alikuja kumtembelea. Kwandu binti Bujiku alishuka kwenye gari la abiria la kutoka Meatu akiwa na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, karanga za kukaanga, na sauti inayosikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana.

"Mhola?"

"Mhola duhu, mayu," Kija aliitikia salamu ya mama.

Wakakaa kwenye kivuli cha bwalo. Mama alimkagua binti yake kama anayenunua mbuzi, akasema, "Umekonda. Hapa mnakula vitabu?" Kija akapanga kucheka, kikatoka kilio. Akayasema yote: ubao, S, Milembe na sketi yake. Mama alisikiliza huku akimenya karanga na kuziweka kwenye kiganja cha mwanawe, moja moja.

Alipomaliza, mama akauliza, "Unakumbuka mwaka ule wa Ndaki?"

Kija alikumbuka. Wanawake wa pale kwao hulimiana kwa zamu: leo kwa huyu, kesho kwa yule, majembe yanakwenda pamoja kwa wimbo mpaka shamba linakwisha. Mama yake alikuwa manju wao, mwanzisha nyimbo. Manju haachwi nyuma hata siku moja, kwa kuwa bila wimbo majembe yanazubaa. Basi kila mwenye shamba alimtaka yeye kwanza, naye zamu yake akaisogeza, akaisogeza tena, ikawa ya mwisho. Mwaka ule mvua ilikuja kwa haraka. Zamu ya mama ilipofika, kila mtu alikuwa anapanda pamba yake. Asubuhi hiyo alikuja mtu mmoja tu, Ndaki, mwanamke ambaye jembe lake lilikwenda upogo na wimbo hakuujua hata kiitikio.

"Mlilima wawili," alisema Kija.

"Wawili. Halikwisha."

"Na mwaka uliofuata ukaenda tena kuwaimbia."

"Nikaenda."

"Kwa nini, mayu? Walikuacha!"

"We! Mimi ni manju. Nikae nyumbani nimwimbie nani, mbuzi?"

Mama alicheka kwa sauti yake yote, na wazazi wengine wakageuka. Kija hakucheka. Hasira ilimpanda, hasira ambayo hakujua kama alikuwa nayo kwa mama yake. Alimpenda, na hakutaka kufanana naye. Hakutaka siku moja kukaa kivulini na karanga, akisimulia kwa kicheko jinsi shamba lake lilivyobaki pori.

"Mimi kesho siendi ubaoni," alisema.

Mama alitikisa maganda kwenye khanga yake. "Ni wewe unayejua," akasema, na alisema bila kinyongo. Alipoondoka alimwachia mfuko wote wa michembe. "Usile peke yako," akamwambia, lakini hilo husema kila anapokuja.

Jumatatu jioni Kija aliingia darasani, akapita mbele ya ubao bila kuutazama, akaenda kukaa dawati la nyuma, upande wa pili wa Milembe. Akafungua kitabu cha fizikia. Hakuwa na khanga ya kujifunika, basi akaweka viganja pembeni mwa macho, mithili ya punda wa mkokoteni.

Mbele waliketi wakisubiri. Ubao umefutwa, chaki imewekwa. Mmoja akasema, "Tishaa?" Mwingine akamkanyaga mguu. Minong'ono ikapita dawati hadi dawati. Wengine waliona aibu, maana si kwamba hawakuwa wameiona ile S ukutani. Waliiona, kisha wakaendelea kufurahia alama zao. Binadamu ndivyo tulivyo. Mwishowe kila mmoja akafungua kitabu chake.

Kija alisoma ukurasa uleule mara nyingi. Mzunguko wa umeme wenye betri mbili, mishale huku na huku. Alikuwa na jioni nzima ya kwake peke yake, kitu alichokilia wiki nzima, na haikuingia hata herufi moja.

Kiti kikakwaruza sakafu karibu naye. Alikuwa Joyness, amebeba kiti chake na daftari lililokunjika pembe.

"Tishaa, mimi fizikia nilipata D," alinong'ona. "Si kubwa. Lakini huo umeme naujua kidogo. Nikueleze?"

Kija alimtazama. D! Mwenye D anakuja kumfundisha mtu. Akataka kumwambia, asante, rudi kwako. Ndipo akamwona Ndaki, asubuhi ile, anatokea kwenye umande na jembe lake bovu begani, hajaitwa na mtu.

"Njoo," alisema. Kisha akasita. "Hapana. Hapa utanong'ona, sitakusikia. Nenda kaandike ubaoni."

"Mimi? Ubaoni? Yaya, siwezi!"

"Wewe. Mimi nakaa mbele."

Alimshika mkono wakaenda. Chaki ilikuwa moja. Kija akaivunja, nusu akampa Joyness, nusu akaisahau mfukoni mwake. Akaketi dawati la mbele, lile la Joyness, na akaona jambo geni: kutoka pale ubao ni mrefu sana.

Joyness alichora mzunguko. Betri moja hapa, nyingine pale. Akaanza kuzunguka na mshale, akijumlisha anachokuta. Alieleza kwa kelele kwa sababu ya woga. "Hapa volti zinashuka, tunatoa. Hapa pia zinashuka, tunatoa. Huku nako..." Vichwa vikaanza kuinuka. Aliendelea kutoa kila mahali, akafika mwisho, akapata jibu lisilowezekana, akalizungushia duara kwa fahari.

Kija alihisi kuna kitu kimekosewa ila hakujua wapi. Ndilo tatizo lake lote hilo.

Nyuma ya darasa mtu aliguna.

Joyness alirudia. "Kwa hiyo ukizunguka, zote zinashuka..."

"Hazishuki zote!"

Milembe alikuwa amesimama. Khanga ilimwanguka mabegani. Alionekana ameshtuka kuliko mtu yeyote, kana kwamba ni mwingine aliyepaza sauti hiyo. Macho yote yakamgeukia, naye akafumba mdomo, akakaribia kukaa. Lakini lile kosa lilikuwa bado pale ubaoni, limezungushiwa duara, na kumbe lilimwuma kuliko macho ya watu.

Akaja mbele. Alitembea upesi, kichwa chini, akachukua chaki kwa Joyness bila kuomba. Alilifuta lile duara kwa kiganja.

"Hapa umekwenda na mkondo, sawa, zinashuka," aliuambia ubao, maana darasa hakuthubutu kulitazama. "Hapa umerudi kinyume nao. Alama inageuka." Akaandika alama ya kujumlisha. Wakadhani ameishiwa. "Kwetu Kalemela, kutoka barabarani kwenda ziwani ni mteremko. Kurudi ni mlima. Sasa wewe unataka kuniambia kwenda mteremko na kurudi mteremko? Ni njia gani hiyo?"

Kicheko kikapasuka. Joyness ndiye aliyecheka zaidi. Milembe aligeuka kwa mshangao, akaona hawamcheki yeye.

Mvua ikaanza hapo. Ilianza kwa matone ya kuhesabika, kisha ikashuka juu ya bati kwa nguvu zote, mvua ya kuneemesha pamba, na sauti ya Milembe ikazama. Midomo yake ikawa inachezacheza tu. Kija alingoja aweke chaki chini. Sababu ya kuacha alishaipata, hakuna ambaye angemlaumu.

Milembe alitazama dari. Akavuta pumzi, akapaza sauti kuishinda mvua. Wasichana wakaburuta madawati kumsogelea, magoti yakigusana, na wawili wakabanana na Kija kwenye benchi. Akasogea kuwapa nafasi. Milembe alikuwa anaandika, anafuta, anaandika tena. Mstari wa kwanza Kija aliuona. Wa pili akauona. Wa tatu ukampita.

Zamani angenyamaza, angejifanya ameelewa. Alikuwa ndiye Tishaa.

Kija akanyoosha mkono juu, vumbi la chaki likiwa bado kwenye mikunjo ya vidole, akaushikilia hapo mpaka Milembe alipougundua.

"Hapo sijaelewa," alipaza sauti juu ya mvua. "Rudia."