Shavu la Kushoto

Kinyozi alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mteja mashine ilipozimika. Hakushtuka, wala mteja hakushtuka. Aliiweka mezani, akafunua pazia linalotenga chumba chake cha kunyolea na chumba cha ndani, akamwambia mkewe aliyekuwa akishona:

"Mama watoto, umesikia ya yule jamaa aliyeisalimia sanamu ya duka la nguo wiki nzima, mwishowe akaenda kwa mwenye duka kulalamika kwamba binti yake ana maringo?"

Mkewe alijikaza asicheke. Akacheka. Maumivu yakampiga shavu la kushoto, kutoka sikioni hadi pembe ya mdomo, kama waya wa moto. Akashika meza, machozi yakamtoka. Taa ikawaka, mashine ikanguruma, na mteja akamaliziwa nusu iliyobaki.

Mambo yalikuwa hivyo tangu transfoma ya mtaa ilipolipuka na wahusika wakasema wako njiani. Mama huyo alikuwa ameshang'olewa jino zima lisilo na kosa, kwa kuwa kila mtu alidhani ni jino. Maumivu yakabaki palepale. Akinawa uso, yanakuja. Akitafuna, yanakuja. Na yakija yanaleta umeme, kwao na kwa wifi yake wa nyumba ya pili, mwenye friji. Majirani walileta simu zao kuchaji, wakashukuru sana. Hakuna aliyempa pole.

Na mumewe je? Zamani alimaliza vichekesho vyote kwa wateja, akaingia ndani na kimya chake. Siku hizi alimletea kipya kila jioni, akaketi karibu, akamtazama usoni. Mke alikuwa amesahau jinsi mtu huyu anavyochekesha. Alimpenda kwa hilo, na lilimuuma.

Hatimaye alikwenda hospitali. Daktari alimgusa shavu kwa pamba, taa ya chumba ikawaka. Daktari akainuka akaizima ukutani, maana ulikuwa mchana.

"Ni mshipa wa fahamu," akasema. "Dawa zipo mbili. Hii kali inaweza kuyazima maumivu kabisa, ila utasinzia, utapepesuka, na maneno yatachelewa kuja. Hii nyingine ni nyepesi. Itapunguza, haitamaliza. Nenda nazo, anza na moja tu, halafu urudi tuone."

"Na taa?"

"Kwa hii kali, sahau taa. Kwa nyepesi itawaka, ila hafifu."

Akaziweka zote mbili juu ya cherehani. Wifi yake alikuja kabla hajavua viatu.

"Wifi yangu, chukua nyepesi. Dawa kali zitakumaliza. Unataka kushona ukisinzia?"

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomsumbua. Akamgeukia mumewe.

"Mimi simo," kinyozi akasema. "Mwili ni wako." Akakung'uta kitambaa chake cha kunyolea, ingawa hakikuwa na unywele hata mmoja. "Ila hiyo nyepesi nayo ni dawa, au sivyo?"

Mama akawatazama wote wawili. Alikuwa amechoka, jamani, amechoka hasa. Akameza ile kali.

Kwa siku kadhaa maumivu yalibisha hodi kidogo kidogo, taa ikapepesa. Kisha vyote vikakoma. Mishono yake ilikwenda upogo, akafumua na kushona upya. Alitembea akishika ukuta. Lakini alinawa uso kwa maji baridi, mara ya pili, na ya tatu, kwa raha tu. Mtaa mzima ukaja kumpa pole kwa giza lililompata. Wifi alikuja na nyama iliyoanza kunuka, akaomba achemshiwe, hakukaa.

Kinyozi alirudia mkasi. Jioni aliingia ndani, akaketi upande wa pili wa chumba.

"Leo hakuna kichekesho?" mkewe akauliza, taratibu, akiyangoja maneno.

"Na giza hili? Ucheke ya nini?"

Mama akaweka mshono chini. Kisha akaanza yeye: kulikuwa na jamaa aliyeisalimia sanamu wiki nzima. Katikati akapotea, akarudi, akafika mwisho, akacheka peke yake, kwa sauti, mdomo wazi, mashavu yote mawili. Hakuumwa hata kidogo.

Mumewe akainua macho kuitazama taa.