Shavu la Kushoto la Maalim Mwinyihaji

Mtu akitawadha, nani humtazama? Kila mmoja ameinamia mfereji wake na haraka zake, na hiyo ndiyo iliyomsitiri Maalim Mwinyihaji miezi minne mizima. Alikuwa akiosha mikono, akisukutua kwa upande wa kulia, akipandisha maji puani. Akifika usoni, mkono wa kulia unafanya kazi yake sawasawa, na wa kushoto unapita hewani, mbali na shavu, kama mtu anayefukuza nzi. Halafu huyo anaingia msikitini, anasimama mbele, na safu tatu za watu wa Mtongwe zinajipanga nyuma yake kumfuata.

Wala si mtu wa kuchezea dini, wallahi. Miaka ishirini na miwili anasalisha pale, na baba yake kabla yake, na mvua ya masika haijapata kumchelewesha. Lakini kulikuwa na kitu kwenye lile shavu, na kwa miezi ile alikiogopa kitu hicho kuliko alivyomwogopa Mungu. Hilo alilijua mwenyewe, na ndilo lililokuwa likimla.

Kilianza asubuhi moja akila mahamri kwa mbaazi. Alitafuna, na umeme ukampiga kutoka ubavuni mwa pua hadi kwenye taya, ukaisha kabla hajatua kikombe. Akadhani jino. Nani asingedhani jino? Akaenda kung'olewa. Wiki haikuisha, umeme ukarudi, akang'olewa la pili. La tatu alimwonyesha mng'oaji kwa kidole mwenyewe, hili, hili hapa, na yule bwana akalitoa jeupe, halina hata tundu. Maalim akarudi nyumbani na mapengo matatu, na maumivu yake vilevile.

Baadaye hata kutafuna hakukuhitajika. Upepo wa feni tu ulitosha. Tone la maji. Shingo ya kanzu ikimpita usoni wakati wa kuvua. Barke, mkewe, alifukiza ubani hadi majirani wakauliza kunani, kwa sababu yeye alikwisha kata shauri kuwa ni hasadi ya watu wanaoutaka ule uimamu. Maalim alinyamaza. Kusema nako kulikuwa kukimuuma.

Lile la udhu Barke aligundua mwenyewe. Alikuwa akimtengeneza shingo ya kanzu, akaona ndevu za upande mmoja zimelainika na za upande wa pili zimeshikana, na shavu lina utando wa vumbi na jasho la siku nyingi. Mwanamke aliyeishi na mtu miaka thelathini, utamficha nini?

"Bwana," alisema polepole, "upande huu huoshi. Na kusalisha unasalisha."

Maalim akakaa kitandani akalia, akamweleza yote. Barke hakumlaumu, lakini pia hakumbembeleza. Kesho yake alimwekea viatu mlangoni, akavaa buibui lake, akamfuata nyuma hadi zahanati asije akarudia njiani.

Daktari wa pale alikuwa mwanamke wa bara, Pascalia, mtu wa Kitui, mwenye maneno machache. Hakumgusa. Hilo peke yake lilimfanya Maalim amwamini. Alimtaka aonyeshe kwa kidole, bila kugusa, njia ya ule umeme, akamuuliza unakaa muda gani na unaletwa na nini. Kisha akachora kichwa cha mtu nyuma ya karatasi. Kila upande wa uso, alisema, una mshipa mmoja mnene wa fahamu unaotoka ubongoni na kugawanyika matawi matatu: moja la paji na jicho, moja la shavu, moja la taya. Huo ndio unaopeleka ubongoni habari zote za uso, za baridi na moto, za mguso na maumivu. Sasa kule ndani, karibu na unapoingia ubongoni, kwa wenye maradhi haya mara nyingi mshipa wa damu huuegemea, na kila moyo ukipiga unausugua, mpaka ganda lake linachubuka kama waya wa stima uliokatika plastiki. Basi nyuzi za mguso zinavujisha habari zake kwenye nyuzi za maumivu. Usoni limeanguka tone la maji, na ubongo unaletewa habari ya kisu.

"Meno yako yalikuwa mazima, mzee," alimaliza. "Ubongo ulidanganywa, na wewe ukadanganyika nao."

Maalim alipitisha ulimi kwenye mapengo yake na hasira ikamshika, ila hakujua amkasirikie nani. Akauliza jambo moja tu: je, kuna wakati wowote anaoweza kuosha uso? Pascalia alifikiri kidogo. Akasema umeme ukishapiga, mshipa hupumzika dakika moja, pengine mbili, na muda huo mara nyingi haupigi tena hata ukiguswa. Lakini hiyo si dawa, akamwonya. Dawa ni vidonge hivi, avinywe kila siku asikose, arudi apimwe damu, na visipofaa kuna mabingwa wa kupasua.

Duka la dawa ni la Taufiq, aliyesoma chuo cha Kurani kwa Maalim huyu huyu. Alimwamkia shikamoo, akapokea karatasi, akaisoma, uso ukambadilika.

"Maalim, hizi ni dawa za kifafa," alinong'ona. "Ni za nani?"

Na Maalim Mwinyihaji, ambaye hata kwa utani hakuwa akisema uwongo, akajibu, "Za mtoto wa jirani."

Nyinyi mnajua neno kifafa lilivyo kwetu. Hakuna atakayengoja aelezwe kwamba dawa moja yaweza kutibu maradhi mawili. Watasema imamu huanguka, imamu ana kitu kichwani, na Ijumaa ya pili mbele atasimama mwingine. Basi akavitia vidonge kwenye mfuko wa kanzu kuukuu iliyotundikwa nyuma ya mlango, akamwambia Barke anavinywa. Sipendi kumsema mtu mzima, lakini huo ulikuwa upumbavu mtupu.

Akashika lile la dakika mbili. Kabla ya kila swala alijifungia, akang'ata taulo, akajigusa shavu kwa ncha ya kidole. Alikuwa akiuita ule umeme mwenyewe. Ukimpiga anashika ukuta, ukimwacha anakimbilia mfereji na kuosha uso wote, mara tatu, machozi na maji vikichanganyika. Mara tano kila siku ya Mungu. Na alifurahi, masikini, akaona amepata njia ya kutopoteza chochote. Alisahau kuwa kusalisha kunataka na taya.

Ilikuwa Maghribi. Alikuwa akisoma sura ya kwanza, ile ambayo kila mtoto wa chuo huanza nayo, na katikati yake umeme ukampiga, taya ikafunga. Mwidani, naibu wake, aliyesimama nyuma yake hasa, akamtajia aya, kama ipasavyo imamu akisahau. Maalim hakuweza kufungua kinywa. Mwidani akarudia. Akafuata wa pembeni yake, kisha safu nzima, kwa upole, wote wakimtajia imamu wao aya anayoijua mtoto wa miaka mitano. Sauti ya Taufiq aliisikia waziwazi. Hajapata kuaibika namna ile tangu azaliwe. Taya ilipoachia, akamaliza swala hivyo hivyo.

Alipotoa salamu akageuka, hakuna aliyeinuka. Mwidani, kwa adabu zake zote, alisema kuwa umri ni umri, kusahau hakumwachi mtu, na Maalim apumzike siku mbili tatu kisha arudi mahali pake. Mlango ulikuwa wazi. Angekubali tu kuwa amesahau, angetoka pale mzee wa kuheshimiwa. Akamtazama Taufiq. Taufiq alikuwa ameuinamia mkeka.

"Sikusahau," alisema Maalim. "Nina maradhi ya mshipa wa uso. Taufiq, zile dawa ni zangu, nilikudanganya. Na kabla ya hapo, miezi minne nimewasalisha na shavu hili sikuliosha, kwa kuogopa maumivu."

Garama, fundi wa mapaa, ndiye aliyeuliza kila mtu alichotaka kuuliza: swala zetu je? Mwidani akasema swala zao hazina neno, maana hawakujua.

"Na zangu?" aliuliza Maalim.

Mwidani alimsogelea. Walisoma pamoja tangu utotoni.

"Zako ulijua, ndugu yangu. Zirudie."

Adhana ya Isha ilipotoka, Maalim aliondoka mwenyewe kwenye mihrabu akaja safuni. Watu walimtazama wasijue wamweke wapi. Taufiq akasogea, akampa nafasi ya mwisho karibu na ukuta, mahali feni isipofika. Mwidani akasalisha.

Asubuhi, jua limeshatoka, Maalim alikitoa kile kifurushi cha vidonge kwenye kanzu ya nyuma ya mlango, akameza kidonge cha kwanza mbele ya mkewe. Barke alikitazama kifurushi kilivyo kizima, akaelewa kuwa hakuwahi kunywa hata kimoja. Vidonge havingefanya kazi siku hiyo wala kesho yake, na swala za miezi minne zilikuwa zikingoja. Maalim akaomba birika la maji.

Wakakaa uani. Aliosha mikono, akasukutua, kisha akampa Barke mkono wake wa kulia aushike. Akainua wa kushoto, akajigusa shavu. Barke aligeuza uso pembeni, na vidole vyake vikabanwa hadi akadhani vinavunjika. Kisha mkono wa mumewe ukalegea.

"Mimina," alisema Mwinyihaji, akainamisha uso. "Upesi, kabla haujarudi."