Marehemu Fundi Bati

Fundi bati alipata habari za kifo chake mwenyewe siku ya Jumatano, saa tano asubuhi, akiwa anakunja mdomo wa ndoo.

Muuza vocha wa kibanda cha jirani ndiye aliyekuja mbio na simu. "Fundi, njoo umwone binti yako! Yuko na wakubwa wa dunia!"

Mafundi wakaacha nyundo, wakasongamana. Kweli, yule pale jukwaani, kavaa koti la kuazima, anazisomea nchi tajiri mashtaka yao bila kupepesa macho: moshi ni wenu, mafuriko ni yetu, lipeni hasara mliyotutia. Fundi akavimba kwa fahari. Binti wa mtengeneza ndoo!

Kisha binti akasema, "Mto ulinichukulia mama na baba kwa siku moja. Nilibaki juu ya bati peke yangu."

Karakana nzima, kila mtu akatazama miguu yake.

Uongo mtupu. Mama, ndiyo, Mungu amrehemu. Lakini baba alikuwa juu ya bati lilelile tangu alfajiri hadi adhuhuri, mkono mmoja umeshika sketi ya binti yake, mwingine umeng'ang'ania msumari alioupigilia mwenyewe. Kovu la msumari huo analo kiganjani mpaka leo.

Aliporudi, binti hakuzunguka mbuyu. Alikaa kwenye kigoda, akalia kabla hajaulizwa.

"Waliotufundisha kuhutubia walisema dakika tatu hazitoshi watu wengi, baba. Walisema yatima ndiye anayesikilizwa. Nikakataa. Wakasema basi, nafasi atapewa mwingine."

"Ukaniua."

"Nilikutoa kwenye hotuba tu."

Kazini walishampa jina. Marehemu, nipe mkasi wa bati. Marehemu, chai yako inapoa. Alicheka nao, maana afanyeje? Lakini roho ilimuuma. Walioharibu hewa ni haohao, na wanaopima machozi ya watu kabla ya kufungua mkono ni haohao. Hata aibu hawana!

Miezi minane baadaye barua ikaja. Mfuko wa kufidia hasara za tabianchi ulikuwa umeguswa na ile hotuba, na ungejenga upya nyumba kumi na mbili za mtaa wao uliosombwa. Mkaguzi angekuja kwanza kuhakiki. Likionekana doa moja kwenye maelezo, mtaa mzima ungeambulia patupu.

Asubuhi ya ukaguzi binti alisema, "Baba, namwambia ukweli. Liwalo na liwe."

Fundi aliyatazama mahema ya majirani, mwaka wa pili sasa, na watoto wanaokohoa humo ndani.

Mkaguzi, mama mpole mwenye buti mpya, aliwakuta pale nyumba yao ilipokuwa. Fundi alikuwa amechuchumaa ananyoosha bati lililokunjamana.

"Na huyu mzee ni nani?"

Binti akafungua mdomo. Fundi akamuwahi.

"Fundi tu, mama. Nanunua mabati mabovu."

"Uliwafahamu wazazi wake?"

"Mama yake nilimfahamu sana." Akainamia bati lake. "Baba yake alikuwa mtu wa nyundo, basi."

"Pole. Utanisainia hapa kama shahidi wa vifo vyote viwili?"

Kalamu ingedai jina, na jina lake ndilo la binti. Fundi akasema hajui kuandika, akaletewa wino, akatia dole gumba. Hakumtazama binti, kwa kuwa angemtazama angemwita mwanangu.

Mkaguzi akatoa kamera, akamsimamisha binti mbele ya msingi uliobaki.

"Mzee, samahani, sogea kidogo. Unaingia kwenye picha."

Fundi akasogea. Binti akabaki peke yake, akalia kilio cha kweli, kilio cha msiba, na mkaguzi akasema picha imetoka nzuri sana.